Jinsi ya Kuingiza Lugha ya Nyumbani katika Madarasa ya Mwanzo: Mwongozo kwa Shule za Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu unawahusu walimu wakuu, walimu wa darasa la awali na la kwanza, maafisa elimu kata na wajumbe wa kamati za shule katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe, hasa wale ambao kila Januari hupokea watoto wasiojua Kiswahili, au wanaokijua kwa kiasi cha kuitikia salamu tu. Shauri lake ni kwamba lugha ya nyumbani iingie darasani kwa mdomo kabla ya maandishi, katika shule zile tu ambazo watoto wanaizungumza kweli, na kazi yake iwe kumvusha mtoto kwenye Kiswahili kabla hajafika darasa la tatu. Anayeanza kwa kuchapisha vitabu, au kwa kutoa agizo la wilaya nzima, ameanzia mwisho.

Sera inaruhusu nini

Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, pamoja na toleo lake la 2023, inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za kufundishia, na lugha za jamii hazimo katika orodha hiyo. Kwa upande mwingine, Sera ya Utamaduni ya 1997 inazihesabu lugha hizo kuwa hazina ya taifa, na inahimiza zitafitiwe, ziandikiwe kamusi na kuhifadhiwa. Mwalimu aliye kati ya sera hizi mbili hana ruhusa ya kugeuza Kihehe au Kinyiha kuwa lugha ya kufundishia, lakini kwa maoni yangu hakuna kinachomzuia kumweleza mtoto wa miaka mitano jambo kwa lugha anayoielewa, ili mtoto huyo alifikie lengo la somo lililoandikwa kwa Kiswahili.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila ndiyo itakayoilinda kazi yako. Katika andalio la somo, lugha ya kufundishia ibaki Kiswahili, na katika sehemu ya mbinu uandike wazi kwamba utatumia lugha ya nyumbani kufafanua hatua fulani. Mthibiti ubora wa shule akifika, atakuta jambo lililopangwa na kuandikwa, badala ya mwalimu anayenong'ona Kikinga kwa hofu huku akitazama mlangoni.

Hofu hiyo ina historia. Nchi yenye lugha zaidi ya mia moja na ishirini ilijengwa kwa lugha moja ya taifa, na wengi waliosoma miaka ya sabini na themanini wanakumbuka viboko vya kuongea kilugha shuleni. Hata mijadala mikubwa ya lugha ya elimu imekuwa baina ya Kiswahili na Kiingereza peke yake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta, mwanasiasa wa Njombe, ilipendekeza katika ripoti yake ya 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu wakati huo tumebishana sana kuhusu kijana wa kidato cha kwanza, na mara chache tumemkumbuka mtoto wa awali wa Makete au Ileje ambaye Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili.

Jua watoto wako wanasema lugha gani

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo ninayotaka uipe muda mrefu kuliko nyingine zote, kwa sababu kosa likifanyika hapa halirekebishiki baadaye kwa juhudi yoyote ya darasani.

Usidhani kwamba kwa kuwa shule iko Rungwe, basi watoto wote ni wa Kinyakyusa, au kwamba iliyoko Mbozi ni ya Kinyiha. Katika Jiji la Mbeya, Mafinga, Makambako, Tunduma na Njombe mjini, watoto wengi wamezaliwa katika nyumba ambazo baba na mama hawatoki kabila moja, na lugha yao ya kwanza ni Kiswahili. Mtoto wa Mwanjelwa ukimwambia jambo kwa Kisafwa ili umrahisishie, unaweza kuwa umemzidishia ugumu. Lugha ya nyumbani ni ile ambayo mtoto huamshwa nayo, hutumwa nayo kisimani na hugombana nayo na ndugu zake. Kabila la ukoo wake ni habari nyingine.

Kwa sababu hiyo, usiulize kabila. Katika fomu ya kuandikishwa swali hilo halina kazi, na mzazi akiulizwa atahisi kuna jambo linatafutwa. Ukiuliza moja kwa moja, "Nyumbani mnaongea lugha gani?", wazazi wengi watajibu Kiswahili hata kama si kweli, maana wamezoea kwamba hilo ndilo jibu linaloheshimika mbele ya mwalimu. Uliza kwa kuzunguka: bibi akimwita mtoto aje kula, anasemaje? Anapolala kwa babu wakati wa kulima, wanaongea kwa lugha gani? Nani anakaa naye mchana wazazi wanapokuwa shambani? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa vijijini mtoto wa miaka mitatu au minne hulelewa mchana na bibi au na dada mdogo, na lugha ya mlezi huyo ndiyo inayokua mdomoni mwake.

Baada ya hapo wasikilize watoto wenyewe. Kaa kando ya uwanja wakati wa mapumziko, usiwakaribie sana, na usikilize wanavyogombania mpira wa makaratasi. Mtoto anayegombana hachagui lugha. Fanya hivyo kwa siku kadhaa, kisha mwite kila mtoto peke yake, umwonyeshe picha ya mambo ya kawaida, kama vile mama anayechota maji, mbuzi waliovamia shamba la mahindi, au watu wanaopakia viazi kwenye lori, na umwombe akusimulie. Mpe kwanza nafasi ya kusimulia kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani. Ukimwona anataja neno moja moja kwa Kiswahili lakini anasimulia kisa chenye mwanzo na mwisho kwa Kikinga, umeshapata jibu. Andika katika daftari, mbele ya jina la kila mtoto, mambo mawili tu: lugha anayosimulia nayo, na kama anaelewa maagizo ya kawaida ya Kiswahili. Orodha hiyo itakuwa msingi wa kila uamuzi utakaofuata.

Shule ipi ianze, na ipi isubiri

Shule inayofaa kuanza ni ile ambayo karibu darasa zima linasimulia kwa lugha moja, ambayo ina angalau mtu mzima mmoja anayeijua lugha hiyo na anayepatikana kila siku, na ambayo kamati yake haipingi. Shule za namna hii zipo nyingi katika milima ya Makete, katika Ileje, Busokelo, sehemu za Ludewa na vijiji vya ndani vya Kilolo. Zikipungukiwa na sharti moja kati ya hayo, ni afadhali zisubiri.

Mbarali ni mfano wa mahali pagumu. Katika vijiji vya mashamba ya mpunga, darasa moja linaweza kuwa na mtoto wa Kisangu, wa Kibena, wa Kihehe, wa Kinyakyusa, na wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia na ng'ombe. Ukichagua lugha moja ya jamii hapo, utakuwa umewaacha wengine katika hali ileile uliyotaka kuiondoa, tena kwa lugha ambayo haitawafaa popote baadaye. Katika darasa kama hilo lugha ya pamoja ni Kiswahili, na kazi ya mwalimu ni kukifundisha kama lugha mpya, kwa nyimbo, vitendo na picha, badala ya kudhani kwamba kinajulikana. Unachoweza kuongeza ni kuwaketisha watoto wa lugha moja pamoja kwa dakika chache za mwanzo wa somo, ili anayeelewa amweleze mwenzake. Uganda ilipoanzisha mtaala wake wa lugha za maeneo kwa madarasa matatu ya mwanzo mwaka 2007, ilikumbana na swali hilohilo, na maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa lugha yaliruhusiwa kutumia Kiingereza.

Kuna somo pia la kutokimbilia upana. Ufilipino iliagiza lugha za mama zitumike katika madarasa ya chini nchi nzima, kwa agizo la wizara la 2009 lililopewa nguvu ya sheria mwaka 2013, na orodha ya lugha ikafika kumi na tisa. Mwaka 2024 sheria mpya iliondoa ulazima huo, baada ya miaka mingi ya malalamiko kuhusu upungufu wa vitabu na walimu walioandaliwa, na kuhusu madarasa yenye lugha nyingi. Papua Guinea Mpya nayo, yenye lugha zaidi ya mia nane, ilianza kwa lugha za vijiji katika miaka ya tisini, kisha ikarudi kwenye Kiingereza. Sidhani kwamba mawazo ya nchi hizo yalikuwa mabaya. Agizo lilitangulia maandalizi, na shule mbili zilizoandaliwa katika kata moja zitakufaa kuliko wilaya nzima iliyopelekewa waraka.

Kibali

Mwalimu mkuu aanze na kamati ya shule, na muhtasari wa kikao uandikwe na kusainiwa. Kisha barua ipite kwa afisa elimu kata kwenda kwa afisa elimu wa elimu ya msingi wa halmashauri, nakala ikienda kwa mthibiti ubora wa wilaya. Barua iseme mambo matatu: kwamba lugha ya kufundishia itabaki Kiswahili, kwamba lugha ya nyumbani itatumika kama msaada katika awali na darasa la kwanza, na kwamba watoto watapimwa kwa Kiswahili mwishoni mwa kila muhula. Ambatisha orodha ya watoto uliyoiandaa. Afisa anayeona kwamba watoto thelathini na nane kati ya arobaini hawawezi kusimulia picha kwa Kiswahili huelewa haraka kuliko anayesomewa nadharia.

Wazazi watauliza Kiingereza

Usiitishe mkutano wa wazazi wakati wa kupanda, wala siku ya gulio. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, watu wakiwa wametulia. Na ujiandae, kwa sababu upinzani mkubwa hautatoka ofisini. Utatoka kwa mzazi atakayesimama na kusema: "Mwalimu, hicho kilugha tunakijua wenyewe, tumekifundisha bila ada. Mtoto nimemleta ajue Kiingereza kama wale wa mabasi ya njano."

Mzazi huyo hajakosea kutaka, na usimjibu kwa dharau wala kwa hotuba kuhusu kuenzi mila. Mjibu kwa habari ya mtoto wake: "Baba, ni kweli, na Kiingereza atakisoma. Ila leo nikimwuliza jambo kwa Kiswahili ananitazama tu. Nikimwuliza kwa Kibena ananijibu mpaka namnyamazisha. Nataka nianzie pale anapojibu." Kisha mwonyeshe. Mwite mtoto mmoja mbele, kwa ridhaa ya mzazi wake na bila kumwaibisha, asimulie picha kwa lugha zote mbili. Wazazi wakisikia tofauti hiyo kwa masikio yao, nusu ya mjadala huisha.

Nusu iliyobaki ni ile hofu kwamba mtoto atachelewa. Hapo unaweza kutaja mradi wa Ife nchini Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Profesa Babs Fafunwa. Watoto walifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo, na walipolinganishwa na wenzao waliohamishiwa kwenye Kiingereza baada ya darasa la tatu, hawakuwa nyuma katika Kiingereza, na katika masomo mengine walitangulia. Sisi hatuombi hata miaka sita. Tunaomba miwili, awali na darasa la kwanza, na mabaki machache ya darasa la pili.

Mwalimu asiyejua lugha ya kijiji

Walimu wa umma huajiriwa na kupangwa kitaifa, na hilo lina faida zake nyingi. Matokeo yake hapa ni kwamba mwalimu wa awali wa Ludewa anaweza kuwa mzaliwa wa Mara, na Kipangwa hajawahi kukisikia kabla ya kuripoti. Kumlazimisha ajifunze lugha mpya ndani ya muhula ni kumwonea. Kinachowezekana ni kumpatia msaidizi wa lugha, yaani mtu mzima wa kijiji anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri na anayezungumza lugha ya watoto bila shida. Mama aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani anafaa sana. Mzee mstaafu naye anafaa, mradi asiwe mtu wa kuwatisha watoto.

Msaidizi apitishwe na serikali ya kijiji, awe na barua ya mwenyekiti wa kitongoji, na asiachwe peke yake na watoto. Malipo yake yazungumzwe mapema, kwa sababu shule za umma hazina ada na michango ya wazazi ina taratibu na vibali vyake. Mahali pengine kijiji kimeona ni rahisi kumlimia msaidizi kipande cha shamba kuliko kukusanya fedha. Katika Rungwe, Kyela na Busokelo kuna jambo jingine la kuangalia. Zipo familia ambazo bado zinashika mwiko wa mkamwana kutokutana na baba mkwe wake, na mama kijana mwenye sifa zote anaweza kukataa kazi bila kutaja sababu, kumbe baba mkwe wake ni mjumbe wa kamati anayekuja shuleni kila wiki. Muulize bibi mmoja wa pale kabla hujampendekeza mtu.

Mwalimu na msaidizi wakae pamoja kila jioni kwa muda mfupi na kupitia andalio la kesho. Mwalimu aseme lengo la somo, msaidizi aseme maneno gani yatawasumbua watoto na yanasemwaje nyumbani. Bila kikao hicho msaidizi hugeuka kuwa mkalimani, na ukalimani ndio utakaoharibu kila kitu, kama nitakavyoeleza.

Darasani

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu huliingia ni kusema sentensi kwa Kiswahili na kuirudia papo hapo kwa lugha ya nyumbani. Mtoto ni mwerevu. Baada ya siku mbili atajua kwamba sentensi ya kwanza haina haja ya kusikilizwa, atasubiri ya pili, na Kiswahili hakitaingia kamwe. Tenganisha lugha kwa wakati. Hadithi isimuliwe leo kwa Kindali, yote, mpaka watoto waicheke na kuirudia. Kesho isimuliwe hadithi ileile kwa Kiswahili, kwa vitendo na picha zilezile, bila tafsiri. Kwa kuwa kisa wanakijua, akili yao yote itakuwa kwenye maneno mapya. Kesho kutwa waiigize, na wenyewe watachanganya lugha, waache wachanganye.

Katika darasa la awali, muhula wa kwanza uwe kwa sehemu kubwa wa lugha ya nyumbani, isipokuwa nyimbo, salamu na maagizo ya darasani, ambayo yawe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza: simama, kaa, sikiliza, njoo, fungua, onyesha. Maagizo hayo hujifunzwa kwa kutenda na hayahitaji maelezo. Muhula wa pili ongeza vipindi vya mazungumzo ya Kiswahili. Darasa la kwanza lianze lugha zikiwa nusu kwa nusu, na kufika katikati ya mwaka Kiswahili kiwe kimetawala, lugha ya nyumbani ikibaki kwa dhana ngumu tu.

Hisabati ndipo faida inapoonekana mapema zaidi. Chukua swali la kawaida la kutoa. Mwalimu anasema, "Una ndizi tano, ukimpa mwenzako mbili, zinabaki ngapi?" Watoto wa kijiji cha Kyela, wanaoishi katikati ya migomba, wanakaa kimya, na mwalimu anaandika kwamba hawajui kutoa. Msaidizi anaweka ndizi tano juu ya meza, anamwita mtoto, anamwambia kwa Kinyakyusa awape wenzake wawili ndizi moja moja, kisha anauliza zimebaki ngapi. Jibu linatoka kabla hajamaliza kuuliza. Watoto walijua kutoa. Wasilolijua ni neno "zinabaki". Sasa mwalimu achukue palepale walipofika, arudie tendo lilelile akisema "zinabaki tatu", watoto wamfuate, kisha abadilishe vitu: vizibo, maharage, viazi, watoto wenyewe wakisimama na kukaa. Baada ya hapo ndipo alama ya kutoa iandikwe ubaoni. Ukiianza alama kwanza, unafundisha mambo matatu mapya kwa pamoja, yaani lugha, tendo na maandishi, na hutajua ni lipi limemshinda mtoto.

Katika kusoma, anza na sauti ambazo lugha zote mbili zinazo, kama m, n, k, t, p na l, pamoja na irabu. Lugha za ukanda huu ni za Kibantu kama Kiswahili, na watoto wanayo maneno mengi ya kuanzia ambayo hayako mbali: anayesema "umwana" au "ing'ombe" anahitaji hatua fupi tu kufika kwenye "mwana" na "ng'ombe". Yatumie hayo katika wiki za mwanzo ili mtoto aone kwamba anachokisoma anakijua.

Sauti zisizokuwepo nyumbani zifundishwe kwa makusudi, zikiwa peke yake. Kinyakyusa hakina z wala r. Mtoto akiandika "Baba analima visuli", ameandika alichokisikia kwa masikio aliyozaliwa nayo, na sentensi nzima ameielewa. Mkato mwekundu juu ya neno hilo hautamfundisha chochote. Simama mbele yake, toa s kisha z, mwekee mkono wake kooni ahisi mtetemo unaokuja na z na kukosekana kwenye s, kisha mpe jozi za maneno asikilize na kuonyesha: saa na zaa, sima na zima. Baada ya wiki kadhaa za mchezo huo wa dakika tano kila asubuhi, daftari litaanza kubadilika. Katika upimaji wa kusoma, tenganisha kabisa kosa la matamshi na kosa la kutoelewa, kwa sababu mtoto anayesoma "kuluka" kwa "kuruka" na kuruka alipoambiwa aruke, amesoma.

Maandishi ya lugha ya nyumbani

Watu wengi hufikiria vitabu kwanza. Nimeviweka nyuma kwa sababu awali na nusu ya darasa la kwanza zinaweza kwenda bila kitabu hata kimoja cha lugha ya jamii, na kwa sababu kitabu cha kiada au ziada kinachoingia shuleni kinapaswa kupata ithibati, kazi iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Zana zinazotengenezwa na mwalimu hazina kizuizi hicho. Manila, maka peni na hadithi iliyosimuliwa na watoto wenyewe zinatosha: mtoto anasema, msaidizi anaandika kwa herufi kubwa, darasa linachora picha pembeni.

Tatizo litakalojitokeza ni tahajia. Kinyakyusa kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano, na utakuta maandishi mengine yanatumia herufi tano tu, mengine yakiongeza i na u zenye mstari katikati. Katika lugha nyingi za ukanda huu, irabu fupi na ndefu hutofautisha maana, na wanaoandika bila mazoea huziandika sawasawa. Usibuni tahajia yako. Makanisa yamekuwa yakiandika lugha hizi kwa muda mrefu, Wamoravian wakiwa wamefika Rungwe tangu 1891, na kwa baadhi ya lugha, kama Kinyakyusa, Kinyiha, Kibena na Kikinga, wataalamu wa SIL, shirika la kimataifa la utafiti wa lugha, wamefanya kazi ya tahajia wakiwa na kituo Mbeya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, kupitia mradi wa Lugha za Tanzania ulioanza 2001, kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na kimechapisha kamusi za lugha kadhaa. Chagua tahajia moja iliyopo, iandikwe katika karatasi moja na kubandikwa ukutani, na kila msaidizi aifuate.

Wazee watabishana kuhusu lahaja. Wa ziwani Kyela watasema maandishi ni ya watu wa milimani, na wa milimani watasema kinyume chake. Katika hatua hii andika kama watoto wa shule hiyo wanavyosema, na mjadala uendelee kwenye vikao vya wazee.

Kupima na kuhama

Kila mwisho wa muhula rudia jaribio la picha ulilolifanya mwanzoni, kwa Kiswahili peke yake, na uandike katika daftari lilelile. Unatafuta mambo machache: je, mtoto anasimulia kwa sentensi au kwa neno moja moja, anafuata agizo lenye hatua mbili, na anauliza swali bila kulazimishwa? Hilo la tatu ndilo kipimo ninachokiamini zaidi. Mtoto anayeuliza kwa Kiswahili ameshavuka, na ukimwona mwenzake aliyekuwa kimya mwaka mzima akianza kuuliza, punguza msaada wa lugha ya nyumbani kwa kundi lake.

Mwanzoni mwa darasa la pili nusu ya darasa inaweza kuwa bado inahitaji msaada, na hilo si la kutisha. Ikiwa katikati ya darasa la pili wengi bado hawasimulii, tatizo huenda lisiwe lugha. Angalia mahudhurio, hasa miezi ya kilimo na siku za minada, angalia umbali wa kutembea, na angalia kama watoto wanapata uji. Kuanzia darasa la tatu, masomo yote yaende kwa Kiswahili bila msaidizi, kwa sababu upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hautamwuliza mtoto kwa Kipangwa. Lugha ya nyumbani ibaki katika hadithi za wazee, nyimbo na michezo, na watoto wasiadhibiwe kwa kuizungumza uwanjani.

Jambo la mwisho la kupanga ni uhamisho. Mwalimu aliyeizoea kazi hii anaweza kuhamishwa wakati wowote, na mara nyingi huondoka na maarifa yote kichwani. Ofisini kuwe na faili moja lenye orodha ya watoto na lugha zao, muhtasari wa kamati, barua ya kibali, karatasi ya tahajia, maandalio ya masomo yaliyofanya kazi vizuri pamoja na yale yaliyoshindikana, na jina la msaidizi na masharti aliyokubaliana na kijiji. Manila za hadithi zikunjwe na kuwekwa kabatini mbali na mvua inayopita kwenye bati. Mwalimu mpya akiripoti, akabidhiwe faili hilo siku ileile anapokabidhiwa daftari la mahudhurio, msaidizi akiwepo.